Kuongeza RAM na Kubadilisha Diski katika ThinkPad X230: Mwongozo Kamili

Kompyuta mpakato ya ThinkPad X230 ilitoka mwaka 2012, na hadi leo si ajabu kuikuta kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli jijini Nairobi. Ni mashine ndogo yenye kioo cha inchi 12.5, ina kibodi nzuri ya kuandikia, na prosesa yake ya Intel Core ya kizazi cha tatu bado inatosha kwa kuandika, kupiga mahesabu, kusoma na kuperuzi intaneti. Kinachowafanya wenye nayo waichukie na kuitupa kabatini ni mambo mawili: RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi) ya GB 4 iliyokuja nayo, na hadi diski (hard disk), yaani diski inayozunguka, ambayo kwa umri wake sasa imechoka. Vyote viwili vinabadilishwa kwa mkono, kwa bisibisi moja, bila kulehemu chochote. Kazi ya skrubu ni ya nusu saa. Kazi ya kuhamisha data ndiyo ndefu, na ndiyo inayohitaji utulivu, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu kuliko nyingine.

Anayetumia mashine nyingine ndogo ya miaka hiyo anaweza kufuata mwongozo huu pia, ila asikisie. Mrithi wake wa karibu, X240, ana nafasi moja tu ya RAM pamoja na betri ya ndani ambayo lazima izimwe kupitia BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine, kabla ya kufungua mashine. Tofauti ndogo kama hiyo ndiyo inayounguza bodi.

Pima kwanza, ndipo ununue

Watu wengi hukimbilia kununua RAM kwa sababu ndilo neno wanalolisikia dukani. Kwa X230 ambayo bado ina hadi diski, mimi husema bila kusita kwamba diski ibadilishwe kwanza, na ikiwa fedha inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, basi iwe SSD, yaani diski ya kisasa ya chipu tupu. Hadi diski ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosogea kutafuta kila kipande cha data. Kila safari ya kichwa hicho inachukua milisekunde kadhaa, na mfumo endeshi unapowaka huomba vipande vidogo maelfu kwa maelfu. SSD haina kinachosogea, hivyo jibu linakuja katika sehemu ndogo sana ya milisekunde. Hapo ndipo uzito unaouhisi mashine inapowaka unapoondoka, wala si kwenye RAM.

Hata hivyo usiniamini kwa maneno matupu. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha tazama ukurasa wa utendaji wakati mashine inafanya kazi zako za kila siku. Diski ikiwa imefika asilimia 100 kwa dakika nyingi ilhali kumbukumbu haijavuka asilimia 70, tatizo ni diski. Kumbukumbu ikiwa imejaa na diski nayo inahangaika kila unapohama kutoka dirisha moja kwenda jingine, basi mashine inaitumia diski kama ghala la kumbukumbu iliyokosa nafasi, na hapo RAM inahitajika pia. Ukurasa huohuo unaonesha kasi ya RAM iliyomo na idadi ya nafasi zilizotumika. Kwenye Linux, amri ya free -h itakupa hesabu ya kumbukumbu, na lsblk itakuonesha diski na ukubwa wake.

Jambo jingine la kukagua mapema ni kama Windows iliyomo ni ya biti 32. Mfumo wa biti 32 wa matumizi ya kawaida hauwezi kutumia zaidi ya GB 4 za RAM, hata ukiweka 16. Ukikuta hivyo, panga kuweka mfumo upya kwenye SSD badala ya kunakili ule wa zamani.

RAM ya kununua

X230 ina nafasi mbili za RAM, na kiwango chake cha juu ni GB 16, yaani kadi mbili za GB 8. Inatumia DDR3 ya kompyuta mpakato, yenye pini 204 na kasi ya 1600, ambayo kwenye lebo huandikwa PC3-12800S au PC3L-12800S. Herufi L inamaanisha kwamba kadi inaweza kufanya kazi kwa volti 1.35, na kadi ya aina hiyo huikubali pia volti 1.5 ya DDR3 ya kawaida. Kwa sababu hiyo napendekeza ununue yenye L kila mara. Ukija kuihamishia kwenye mashine iliyofuata, ambayo hudai volti ndogo pekee, haitakataa. DDR4 haiingii kabisa, kwani ina pini 260 na pengo lake liko mahali tofauti. Kadi ya kompyuta ya mezani nayo ni ndefu zaidi, na hakuna namna ya kuilazimisha.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji, na ambalo limewarudisha watu dukani mara mbili. Prosesa za kizazi cha tatu hazitambui chipu za kumbukumbu zenye ujazo zaidi ya gigabiti 4 kwa kila chipu. Kwa hiyo kadi ya GB 8 inayofaa hapa lazima iwe na chipu 16, nane kila upande, na lebo yake iandikwe 2Rx8. Kadi ya GB 8 yenye chipu nane tu imejengwa kwa chipu zenye ujazo mkubwa zaidi. Ukiiweka kwenye X230 mashine itabaki na kioo cheusi, na utadhani umeiharibu kumbe ni kadi isiyolingana. Hesabu chipu kwa macho yako kabla ya kulipa. Uwe macho pia na kadi za bei ya chini zinazouzwa kwa maelezo kwamba ni za prosesa za AMD pekee. Hizo haziwafai wenye Intel.

Kuhusu kiasi, GB 8 zinamtosha mtu wa maandishi na intaneti ya kawaida, na GB 16 zina maana kwa anayefungua kurasa nyingi kwa pamoja, anayehariri picha, au anayejifunza kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta. Kama unanunua GB 8, nunua kadi mbili za GB 4 badala ya moja ya GB 8, isipokuwa una mpango wa kweli wa kuongeza nyingine baadaye. Kadi mbili zinazolingana hufanya prosesa isome kumbukumbu kwa njia mbili sambamba, na kwa X230 hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa chipu yake ya michoro, Intel HD 4000, haina kumbukumbu yake yenyewe bali inakopa kutoka RAM. Video na michoro ndiyo hunufaika zaidi.

Diski ya kununua

Nafasi ya diski ya X230 inapokea diski ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. Hadi diski nyingi za kompyuta mpakato za zamani zina unene wa milimita 9.5 na hazitaingia, lakini SSD nyingi za inchi 2.5 zina milimita 7, hivyo hapa hakuna shida. Kiunganishi chake cha diski, kiitwacho SATA, ni cha gigabiti 6 kwa sekunde, na SSD nzuri ya SATA hufikia takriban MB 550 kwa sekunde ilhali hadi diski ya kompyuta mpakato hukaa karibu na MB 100 ikiwa katika hali yake bora. Usinunue SSD ya M.2, ambayo ni kijikadi chembamba, kwa sababu muuzaji amekuambia ni ya kisasa zaidi; X230 haina nafasi yake. Ina nafasi ndogo ya mSATA, yaani SSD ndogo ya umbo la kadi, na unaweza kuweka diski ya pili humo, ila kuifikia kunahitaji kuondoa kibodi, na kiunganishi hicho ni cha gigabiti 3 tu kwa sekunde. Diski kuu ibaki kwenye nafasi ya inchi 2.5.

Ukubwa uangalie kwa makini ikiwa utanakili badala ya kuanza upya. Programu nyingi za kunakili hutaka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi, hata kama ya zamani haijajaa. Mwenye hadi diski ya GB 500 akinunua SSD ya GB 480 amejitafutia kazi ya ziada ya kupunguza sehemu za diski kwanza. Anunue ya GB 500 au 512, ambayo kwa kawaida haipishani sana kwa bei.

Soko la vifaa vya kuhifadhi data lina bandia nyingi, hasa zile zinazodai ukubwa wa kustaajabisha kwa bei ya chakula cha mchana. Bandia hizo hurekebishwa ili zitangaze ukubwa zisio nao. Zinapokea data bila kulalamika na kuifuta ya mwanzo kimyakimya. Ukishanunua, na kabla hujahamishia chochote, ijaze diski mpya kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, ambazo huandika hadi mwisho kisha husoma tena kulinganisha. Fanya hivyo ndani ya siku ambazo muuzaji amekubali kurudishiwa bidhaa.

Nakala kabla ya skrubu

Kabla ya kugusa bisibisi, faili ambazo huwezi kuzipata tena ziwe mahali pengine pa tatu, pasipo diski ya zamani wala mpya. Diski ya nje, kompyuta ya mwenzako, hifadhi ya mtandaoni, popote. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikimhamishia dada yangu diski, na nikachagua diski tupu kuwa chanzo na diski yenye kazi zake kuwa lengo. Programu ilinionya mara mbili, nikabonyeza ndiyo mara mbili kwa sababu nilikuwa na haraka. Picha zake za miaka mitatu hazikurudi.

Kisha kagua afya ya diski ya zamani. Programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows, au amri ya smartctl -a kwenye Linux, itakuonesha rekodi ambazo diski huziweka kuhusu hali yake yenyewe. Tazama mstari wa 5, unaohesabu vipande vibovu vilivyokwisha kubadilishwa, na mstari wa 197, unaohesabu vipande vinavyosubiri uamuzi kwa sababu vimekataa kusomeka. Mstari wa 197 ukiwa na namba zaidi ya sifuri, usianze kunakili diski nzima. Toa kwanza faili muhimu moja moja, na kama utahitaji diski yote, tumia programu ya GNU ddrescue, ambayo inaruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni, badala ya kung'ang'ania sehemu moja hadi diski ife.

Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, ulinzi unaofunga data ya diski kwa ufunguo, zima ulinzi huo au andika ufunguo wa kuifungulia kwenye karatasi. Mwisho, izime mashine kabisa kwa kushikilia Shift unapobonyeza kuzima, kwa sababu Windows hupenda kulala nusu badala ya kuzima, na diski ya mfumo uliolala nusu hainakiliki vizuri.

Kunakili au kuanza upya

Ningependa wengi waanze upya. Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya X230 haimo katika orodha ya zile ambazo Windows 11 inazikubali rasmi. Kwa hiyo mwenye mashine hii ana sababu nzuri ya kutumia siku hii kuweka Linux, kwa mfano Linux Mint, ambayo inaendeshwa bila taabu na mashine ya namna hii. Anayeanza upya anaandaa flashi ya kuwekea mfumo, anabadilisha diski, anawasha, kisha anarudisha faili zake kutoka kwenye nakala.

Anayetaka kila kitu kibaki kilivyo atahitaji kebo ya kuunganisha SATA na USB, pamoja na flashi yenye Clonezilla, ambayo ni ya bure. Chomeka SSD kwenye tundu la buluu, ambalo ni la USB 3. Tofauti si ndogo: kwa GB 100 za data, mwendo wa MB 80 kwa sekunde utachukua dakika 21 hivi, na mwendo wa MB 30 wa USB ya zamani utakaribia saa nzima. Washa mashine ukibonyeza F12 mara nembo inapotokea, chagua flashi, na ndani ya Clonezilla chagua njia ya kutoka diski hadi diski.

Hapo simama. Programu itakuonesha diski kwa majina mafupi kama sda na sdb, na majina hayo hayakuambii lolote. Soma modeli na ukubwa. Andika kwenye karatasi, kabla ya kuanza, modeli ya diski ya zamani na modeli ya mpya, kisha linganisha herufi kwa herufi: chanzo ni ile yenye kazi zako, lengo ni ile tupu. Unaponunua diski ya ukubwa uleule na ya zamani, karatasi hiyo ndiyo kinga pekee uliyo nayo.

Betri na iwe imejaa na chaja iwe imechomekwa wakati wote. Umeme ukikatika katikati, betri itaibeba kazi. Kama betri yako imekufa kabisa, subiri siku ambayo utapata umeme wa uhakika au fanyia kazi hii kwenye mashine nyingine.

Kufungua mashine

Tafuta meza ngumu yenye mwanga, si zulia wala kitanda. Chomoa chaja, geuza mashine, sukuma vibano viwili na utoe betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki umalizike. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili mwili wako uachie umeme tuli, na uguse tena kila unapoinuka na kurudi.

Diski imefunikwa na kifuniko kidogo kilicho ubavuni, kilichoshikwa na skrubu moja chini ya mashine. Legeza skrubu, telezesha kifuniko, kisha ivute diski polepole kwa utepe wake wa plastiki. Ipige picha kwa simu kabla haijatoka, ili ukumbuke upande gani ulitazama juu. Ina vipande viwili vya mpira mbavuni. Vihamishie kwenye SSD, kwani bila hivyo SSD itacheza ndani na kiunganishi kitachoka. Ingiza SSD kwa usawa hadi ukihisi kiunganishi kimekaa, na ikikataa usisukume kwa nguvu, bali itoe uitazame upya.

RAM iko chini ya kifuniko kingine, katikati ya upande wa chini. Ukishakiondoa, sukuma nje vibano viwili vya chuma vilivyo pembeni mwa kadi. Kadi itainuka yenyewe, nawe uivute kwa pembe ileile iliyoinukia. Ishike kingoni, usiguse meno yake ya dhahabu yanayoingia kwenye soketi. Kadi mpya iingize kwa mshazari wa takriban nyuzi 30, pengo lake likilingana na jino la soketi, hadi dhahabu iwe karibu imezama yote, ndipo uibonyeze chini mpaka vibano vilie pande zote mbili. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni kadi iliyobonyezwa kabla ya kuzama: vibano vinafunga, kila kitu kinaonekana sawa, na mashine haiwaki.

Wakati umefungua, peperusha vumbi kwa brashi laini iliyo kavu. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina mate.

Kuwasha na kukagua

Rudisha betri, chomeka chaja, uwashe. Mara ya kwanza kioo kinaweza kubaki cheusi kwa sekunde kadhaa kuliko kawaida wakati mashine inaijifunza RAM mpya. Ikipita dakika moja bila kitu, au ikilia milio ya tahadhari, izime, ondoa betri, na ujaribu kadi moja moja katika kila nafasi. Kwa njia hiyo utajua kama ni kadi mbovu, nafasi mbovu, au kadi ambayo haikuzama.

Ingia BIOS kwa kubonyeza F1. Hakikisha kiasi cha RAM kinachooneshwa ndicho ulichoweka, na kwamba mpangilio wa SATA ni AHCI, ambayo ndiyo hali inayoifaa SSD. Kama ulinakili mfumo uliokuwa unawaka kwa njia ya zamani na sasa haupatikani, angalia sehemu ya kuwashia na uchague kukubali UEFI (njia mpya ya kuwasha mfumo) pamoja na njia ya zamani (Legacy).

Kabla hujaanza kuitumia kwa kazi, iache RAM ijaribiwe na Memtest86+ usiku kucha. Kosa hata moja jekundu ni sababu ya kuirudisha kadi dukani. RAM mbovu haizimi mashine kila mara. Mara nyingi huharibu faili kidogo kidogo, nawe unakuja kugundua wakati nakala zako nazo zimeshapokea uharibifu huo.

Upande wa SSD, hakikisha mfumo unaiarifu diski kuhusu nafasi zilizofutwa, kwa sababu bila taarifa hiyo SSD hupungua kasi kadiri inavyojaa. Kwenye Windows, amri ya fsutil behavior query DisableDeleteNotify ikijibu 0, jambo hilo limewashwa. Kwenye Linux, amri ya sudo systemctl enable fstrim.timer inaipanga kazi hiyo ifanyike kila wiki. Achia pia sehemu ya diski bila kujazwa, na usiendeshe programu za kupanga upya vipande vya faili zilizotengenezwa kwa ajili ya hadi diski. Kwa SSD hazina faida, zinaichosha tu.

Diski ya zamani

Usiifute siku hiyohiyo. Iandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito, iweke mahali pakavu kwa wiki mbili, na katika wiki hizo fungua kila folda uliyoizoea: barua, picha, hesabu za biashara, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Utakachokikosa utakirudisha kutoka humo kwa kebo ileile ya USB.

Wiki mbili zikipita, na kama mstari wa 197 ulikuwa sifuri, inunulie kasha la nje na uifanye diski ya nakala. Ukiamua kuiuza au kumpa mtu, ipitishe kwanza kwenye programu ya nwipe, ambayo huandika juu ya diski nzima. Kufuta faili kwa njia ya kawaida au kuiumbiza haraka huacha karibu kila kitu kikiwa kinasomeka kwa mwenye programu ya kurejesha data. Kwa GB 500 kazi hiyo itachukua saa kadhaa, hivyo ianze jioni na uhakikishe, kwa karatasi ileile yenye majina ya modeli, kwamba diski uliyoichagua ni ya zamani.